Plaiwudi Kwenye Sufuria ya Jamu

Bellbird Street,
Tallowood Creek.
Jumapili, katikati ya Agosti.

Kwako kaka yangu Murray,

Nakusalimu sana, kaka, wewe na wifi Raelene, nikiomba barua hii ikukute umekaa, si umesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi kama kawaida yako. Vumbi la Kalgoorlie linasemaje? Na mgongo je? Wifi aliniambia kwamba daktari amekukataza kuendesha yale malori ya mgodini, nawe ukamwambia basi avae kofia aje aendeshe yeye. Nilicheka, lakini nakuomba umsikilize. Huku kwetu hatujambo. Mama anakula, analala na anagombana na redio. Baridi ya mwaka huu imemshika magoti, ila mdomo haujashikwa na kitu. Kifua changu mimi kinakuja na kuondoka, nimekizoea kama mtu anavyomzoea jirani mkorofi.

Najua unashangaa kuletewa barua na dada yako mwenye simu mbili. Sababu unayo wewe mwenyewe. Kila nikitaja ile karavani ya Baba, kile kijumba chetu cha magurudumu, kwenye simu, hapo hapo birika lako linachemka, au mtu anabisha hodi, au mbwa ametoka nje ya uzio. Mbwa mwenyewe alikufa mwaka juzi, Murray. Barua haina pa kukatia, na ndiyo maana nimeichagua. Nakusihi uisome mpaka mwisho, hata ukiisoma kwa hasira, kwa sababu hata mimi naiandika kwa hasira.

Basi nakuambia waziwazi: naikarabati. Usiitupe barua. Sijasahau ile karavani ilivyokufanyia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, lakini nakumbuka vizuri kuliko nilichokula jana. Nakumbuka Mama alivyokuwa akikaanga samaki mle ndani, moshi ukijaa, mimi nikikohoa mpaka midomo inakuwa ya buluu. Nakumbuka wewe, ukiwa na miaka kumi na saba na ule msumeno wako mwembamba ulioununua kwa pesa za kukata majani ya watu, ulivyopanda juu ya paa Baba akiwa kazini, ukatoboa dirisha la paa ili mdogo wako apumue. Na nakumbuka Krismasi ile kule Crescent Head, kambini ufukweni, mvua ilivyonyesha bila kupumzika, mpaka ukuta wa mbele ukaachia wenyewe tukiwa mezani na maji yakaingia mpaka kwenye pudini.

Unayajua yaliyofuata. Baba alisimama kwenye mvua mbele ya kambi nzima akatangaza kwamba maji yamepita kwenye tundu lako, kwamba una mikono ya kubomoa, kwamba hutashika tena kifaa katika nyumba yake. Hapo hapo akaenda kwa yule seremala aliyekuwa amekubali kukuchukua uanagenzi, naye akiwa amepiga kambi jirani nasi, akamwambia asijitie hasara. Machi ukapanda basi la kwenda magharibi. Tangu hapo umekuja nyumbani kwa harusi yangu na kwa mazishi ya Baba, na siku ya mazishi ulisimama nyuma kabisa na kofia yako, ukaondoka kabla chai haijamiminwa. Mama hakuulizii. Lakini ratiba ya ndege za kutoka Perth anaijua kuliko marubani.

Ile karavani, kama unavyokumbuka, Baba aliipigilia bati mbele wiki ile ile tuliyorudi, akaisukuma chini ya kibanda karibu na mlimau, na hakuivuta tena maishani mwake. Nilipostaafu nikarudi kukaa na Mama, nikawa naipita kila asubuhi nikienda kuanika nguo. Mwanzoni mwa mwaka huu Mama akaniambia kwamba amechoka kuwatunzia panya nyumba, ama niitengeneze ama niichome. Nikasema nitaitengeneza, nimpeleke Crescent Head Krismasi hii, alale tena kwenye kitanda kile na kusikia mawimbi. Nilidhani kazi itakuwa misumari na rangi. Laiti ningejua kwamba kazi yenyewe ni kuchagua plaiwudi!

Kaka, usicheke. Mbavu za karavani ni nzima, fremu ni nzima, matairi yamepatikana. Kilichobaki ni kuivika mbao za nje, na kwa hizo mbao nimekonda. Unajua mji huu. Baba aliuza mbao kwenye kile kiwanja kwa miaka thelathini, na mpaka leo mtu akitaka hata ubao wa kuwekea maua anaambiwa, "Perce angesema hivi, Perce angesema vile." Marehemu ana kauli kuliko meya. Sasa mtoto wa Perce anapoingia dukani kuulizia plaiwudi, kila mwanamume aliye karibu anaacha alichofuata anakuja kutoa ushauri. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wanaonishauri karibu wote wana vipara.

Napeleka kazi kwenye karakana ya wastaafu, ile ghala ya zamani ya maziwa. Siku hizi Jumatano wanaruhusu wanawake, na wanatuangalia kama vile tumekuja kuwapunguzia chai. Huko yupo Clarrie, yule dereva wa basi la shule ambaye ulikuwa ukilikimbilia basi lake kila Jumatatu, wala hakungoji. Hajabadilika, bado anaongea huku akiangalia kioo cha nyuma ambacho hakipo. Clarrie ameapa kwamba karavani haivikwi kitu kingine ila plaiwudi ya msonobari wa Queensland. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu Perce alisema hivyo. Yupo pia Bruno, Muitaliano aliyekuwa akijenga mashua za kuvulia kamba kule mtoni. Yeye hataki kusikia kitu isipokuwa plaiwudi ya boti. "Signora," ananiita hivyo, yaani bibi kwa lugha yao, "ukuta wa karavani na ubavu wa boti ni mtu na dada yake. Wote adui yao maji." Clarrie akamjibu kwamba boti haikai miaka hamsini chini ya mlimau. Bruno akasema yeye hajawahi kuona boti ikianguka mbele ya pudini. Ilibidi niwakalishe mbali mbali kama watoto.

Na kila mmoja ana ukweli wake, hilo ndilo linalonitia wazimu. Plaiwudi ya boti haina mapengo ndani, matabaka yake yamebanana, gundi yake ni ya kuaminika. Lakini haijatiwa dawa ya kuzuia kuoza, na kingo zake usipozifunga vizuri inakunywa maji kama mwanamaji aliyepata likizo. Ya msonobari ni ngumu na inashika msumari, ila ni nzito, na ile gari yangu ndogo itakata roho kabla haijavuta karavani. Ile nyepesi, ya mti wa Gaboni, ni rahisi kubeba, lakini Clarrie anasema ukiikoholea tu inabonyea. Na zote siku hizi ni fupi. Ubavu wa karavani yetu Baba aliuvika kwa kipande kimoja kirefu, sasa hicho hakitengenezwi tena, lazima uunge. Uunge wapi? Hapo tukapoteza Jumatano nzima. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na chombo changu hakijaondoka hata kwenye kibanda.

Nikaona nisijitie unyonge, nikaenda mwenyewe kwenye duka kubwa la vifaa. Kijana wa pale akaniambia, "Chukua hii mama, imeandikwa ya nje. Hata ukiizamisha mtoni itakuja kukusalimia." Nikanunua karatasi moja ya plaiwudi nijaribu kuiviringisha mbele, maana mbele ya karavani pameviringika kama mkate wa boflo. Nikaifunga kwa kamba, nikaibana, nikamwagia maji ya moto, nikaikalia. Ikapasuka katikati kwa mlio uliomwamsha Mama. Kumbe plaiwudi ina upande wa kukubali kukunjwa na upande wa kukataa, inafuata nyuzi za lile tabaka la juu, nami niliikunja upande wa kukataa. Mtoto wa muuza mbao! Mama aliniangalia kutoka dirishani akaniambia kwamba kama nataka kitu cha kukalia, viti vipo.

Ndipo Clarrie na Bruno, kwa mara ya kwanza, wakakubaliana jambo: kwamba maneno hayatatufikisha, tuchemshe. Hujawahi kuiona hiyo, maana ninyi huko mwajua kuchemsha mawe tu. Unakata kipande cha kila plaiwudi ukubwa wa mkate wa tosti, unakichemsha nusu siku, unakikausha kwenye oveni, unakirudisha tena kwenye maji. Gundi nzuri inavumilia. Gundi mbaya inatubu dhambi zake zote hapo hapo, na matabaka yanaachana. Sufuria kubwa ya kutosha nilikuwa nayo moja tu, ile ya Mama ya kupikia jamu. Nikaibeba kimya kimya mpaka karakana. Jioni nilipoirudisha na vipande ndani, Mama akaja jikoni, akafunua mfuniko, akanusa, akauliza ni supu ya nani hii, na kama ni ya kwake basi apelekwe hospitali mapema, afie huko.

Matokeo ya kwanza: ile ya kijana wa dukani, ya kukusalimia mtoni, ilifumuka hata kabla ya chakula cha mchana. Ya Gaboni ilikuwa na mkunjo kwenye kona, sikuiamini. Ya boti ilitoka nzima na ya msonobari ikatoka nzima, kwa hiyo tukarudi pale pale tulipoanzia, Clarrie na Bruno kila mmoja amesimama nyuma ya kipande chake kama baba wa bibi harusi. Nikapandisha sauti. Niliwaambia kwamba Mama ana miaka tisini na mbili, kwamba Krismasi haitungoji, kwamba mimi sitaki plaiwudi ya kusifiwa, nataka plaiwudi ya kupigilia. Wakanywa chai, wakala biskuti zangu za shayiri, halafu Clarrie akafungua tena mdomo.

Akasema kwamba kosa letu ni kuchemsha takataka za siku hizi. "Lete ya Perce," akasema. "Lete ile aliyoivika Perce kwa mkono wake, uitie humo. Hapo ndipo utaona mbao zilivyokuwa mbao. Halafu tutafute inayofanana nayo, basi, mjadala kwisha." Ukweli ni kwamba nilikubali ili nimnyamazishe. Nilikwenda kwenye karavani na tindo, nikabandua vipande viwili. Kimoja nilikitoa mbele, chini ya lile bati, kwenye mabaki ya ukuta yaliyoshikilia fremu. Cha pili nilikitoa juu ya paa, pembeni kabisa mwa dirisha lako, maana niliwaza kwamba kama kuna mahali maji yalipita, ni hapo, na kile kitakuwa kimeoza hata kabla ya sufuria. Nilitaka kumwonyesha Clarrie kwamba hata mbao za Perce huoza. Ndivyo nilivyowaza, kaka, nakuambia kama ilivyokuwa.

Sasa nisikilize vizuri.

Kipande cha mbele hakikungoja hata maji yachemke sawasawa. Kilianza kufunguka pembeni, tabaka moja, tabaka la pili, na nilipokiinua kwa mwiko kilining'inia kama tambi iliyopita wakati. Gundi yake ilikuwa imeyeyuka, imefanya ute wa kijivu juu ya maji. Kipande cha pembeni mwa dirisha lako kilikaa mle mchana kutwa. Nikakikausha, nikakirudisha. Nikakitoa, Bruno akakitia patasi kwenye ukingo, akasukuma, akasukuma tena, patasi ikateleza nusura imkate. Kilikuwa kizima, Murray. Kizima kama siku kilipotoka kiwandani.

Bruno akachukua yale matabaka ya kipande cha mbele, akayasugua kwa vidole, akayanusa, akasema neno la kwao ambalo sijui maana yake. Kisha akasema hii haikuwa plaiwudi ya nje kabisa. Hii ni ya makabati, ya kukaa ndani ya nyumba, mahali ambapo maji hayafiki. Clarrie akaja juu, akasema haiwezekani, Perce hawezi kuvika karavani plaiwudi ya makabati, hata mtoto wa Perce hawezi. Bruno akamwambia achukue basi, ainuse mwenyewe. Clarrie akainusa. Akaiweka mezani taratibu, akatoa kofia, akasema tu, "Ah, Perce."

Tukarudi nyumbani kwetu wote watatu. Nikaweka ngazi, nikaanza kubandua dari, kuanzia kwenye dirisha lako mpaka mbele, ubao mmoja baada ya mwingine. Kama maji yangepita kwenye lile tundu yakatiririka kwenda mbele, kama Baba alivyosema, yangeacha alama. Yangeacha doa, ukungu, msumari wenye kutu, chochote. Hapakuwa na kitu. Vumbi kavu na kiota cha panya. Fremu ya dirisha uliiinamisha kidogo nje ili maji yamwagike, ukaipaka lami kwenye kona, ukatumia misumari ya shaba. Nilikuwa sijawahi kuyatazama hayo kwa karibu, nilikuwa nikijua tu kwamba lile ni tundu lililoharibu Krismasi.

Bruno alipanda ngazi akalitazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye ukingo. Akaniuliza, "Nani kalikata hili?" Nikamwambia kaka yangu, alikuwa mvulana wa miaka kumi na saba. Akasema, "Huyo ningemchukua siku hiyo hiyo. Yuko karakana gani sasa?" Nikamwambia unaendesha lori. Akashuka ngazi.

Nilipoingia ndani Mama alikuwa jikoni. Nikamwekea vipande vyote viwili mezani, hicho kizima na hicho kilichofumuka. Akavitazama. Nilitegemea aulize ni nini. Hakuuliza. Alivuta kile kilichofumuka kwa kidole chake kilichopinda, akasema, "Kwa hiyo umeifikia."

Mama alijua, Murray. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Alinieleza yote mbele ya chai iliyopoa. Utakumbuka kwamba mwaka mmoja kabla ya Krismasi ile, tawi la mkalitusi liliangukia mbele ya karavani, na Baba akavika upya sehemu ya mbele. Alikuwa na haraka, kiwanjani plaiwudi ya nje ilikuwa imekwisha, na kulikuwa na rundo lililorudishwa ambalo halikupangwa mahali pake. Akatazama uso wake, ukawa mzuri, akachukua. Hakuijaribu. Yeye ndiye mtu aliyewaambia watu wote wa mji huu wasinunue plaiwudi kwa uso. Mganga hajigangi. Na siku ile kambini alipokupigia kelele, Mama anasema, hakuwa akidanganya, alikuwa akiamini kila neno. Ni baadaye, watu walipokwisha kutawanyika, alipokwenda kuokota ule ukuta kwenye matope. Aliushika ukamfungukia mikononi. Mama alikuwa amesimama na taa. Baba aliutazama, kisha akaugeuza uso chini, akaufunika kwa turubai ili mtu asiuone. Na bati likapigiliwa wiki ile.

Nikamuuliza Mama, basi kwa nini Baba hakusema? Akasema alikuwa ameshakwenda kwa seremala. Alikuwa ameshasema mbele ya kambi. Alimwambia Mama kwamba atakuambia mwenyewe, kwamba hilo ni la baba na mwanawe, asiliingilie. Alisema atakuambia Pasaka. Pasaka ilipofika wewe ulishakuwa magharibi. Akasema atakuandikia. Halafu akasema utakapokuja harusi yangu. Ulikuja, mkasimama wawili karibu na keki mkazungumzia mvua, nawe ukaondoka. Mama anasema usiku wa harusi ile Baba alikaa nje kwenye ngazi ya karavani na viatu vyake vya sherehe. Basi ndivyo ilivyokwenda, mwaka hadi mwaka, mpaka akaingia kaburini nalo. Na baada ya hapo Mama akaona kwamba marehemu hana wa kumtetea, akanyamaza.

Sikufichi, nilimkasirikia Mama. Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia. Nilimwambia kwamba marehemu alikuwa na mji mzima wa kumtetea, na kwamba asiyekuwa na wa kumtetea ni wewe. Nikatoka nje, nikalipiga teke gurudumu la karavani, nikaumia kidole, na nikalia pale kwenye baridi kama mtoto. Nilimlilia Baba pia, kwa sababu mtu aliyekaa kwenye ngazi na viatu vya sherehe hawezi kuwa hakuumia. Lakini kuumia kwake hakukukusaidia wewe kitu. Nilikuwa nikiwaza miaka yote ile kwenye vumbi, na mgongo wako, na jinsi wifi alivyowahi kuniambia kwamba nyumbani kwenu hata rafu ukiambiwa uitundike unamwita fundi. Nilidhani ni uvivu. Nilicheka alipokuwa akinisimulia.

Niliporudi ndani Mama alikuwa ameviosha vile vipande viwili, amevifuta kwa kitambaa, kama vyombo. Akaniambia nikuandikie, nisikupigie. Akasema, "Kwenye simu atakuwa na birika." Kwa hiyo na yeye anajua habari za birika lako.

Ya plaiwudi yamekwisha. Siku ya pili yake niliagiza ya msonobari wa Queensland, kwa sababu ndiyo inayofanana na kile kipande cha paa kilichostahimili, na Bruno mwenyewe akakubali, akasema tu kwamba nizifunge kingo kwa gundi mara mbili au asinione. Zimefika. Nilichemsha kipande cha kila karatasi, kila moja, sikumwamini mtu. Mbele nimevika kwa kuikunja upande wake wa kukubali, na ubavuni maungio yamekaa chini ya mkanda wa rangi, huwezi kuyaona. Mama amechagua rangi ya maziwa na kijani kama zamani. Clarrie hasemi tena Perce angesema. Siku hizi anasema, "Tuchemshe kwanza."

Paa nalo nimelivika jipya. Lile la zamani lisingekubaliana na mbele mpya, lakini kipande chenye dirisha lako nimekikata mraba, kipo ukutani juu ya jiko, mahali ambapo Mama anakiona akinywa chai. Ule msumeno wako aliokunyang'anya Baba nimeutafuta kwenye kibanda chake, kwenye kila droo, nimekosa. Hivyo njoo na wa kwako, au tutaazima wa Bruno, ameshasema upo na ameunoa.

Maana dirisha la paa sijalikata. Clarrie alitaka alikate, nikamkatalia. Bruno alipanda ngazi na penseli, nikamwambia ashuke, lile tundu lina mwenyewe. Paa liko zima kutoka mwanzo mpaka mwisho, na Mama ameapa kwamba haendi Crescent Head mpaka litobolewe.

Msalimie sana wifi, na mwambie mgongo wako hautaumia kwa kazi ya ngazi tatu. Mama anakusalimu. Nilimuuliza niandike nini kutoka kwake, akafikiri sana, akasema nikuambie ndege ya Alhamisi ndiyo inayofika mapema. Clarrie anakusalimu na anasema safari hii atakungoja.

Njoo, kaka. Jana nilijaribu kukaanga samaki mle ndani milango ikiwa imefungwa, na hakupumuliki.

Ni mimi mdogo wako,
Glenys